Waandishi Mbele ya Jengo Jipya: Mnara wa Eiffel na Swali Linalotuhusu

1. Utangulizi

Jengo jipya lina tabia moja ambayo kitabu kipya hakina. Mwenye kuchukizwa na shairi hulifunga akaliacha rafuni. Mwenye kuchukizwa na jumba lililoinuliwa mbele ya dirisha lake hana pa kulificha, naye atakutana nalo kila asubuhi mpaka mmoja wao aondoke duniani. Kwa sababu hiyo usanifu wa majengo ndiyo sanaa inayomlazimisha kila mtu kuwa mhakiki, apende asipende. Mwandishi naye, ambaye kazi yake ni kusema, mara nyingi hushindwa kunyamaza.

Makala haya yanakusudia kuchunguza yale ambayo waandishi husema wanapokabiliwa na jengo la ajabu la wakati wao wenyewe, kabla historia haijalipa heshima wala kulizika. Mfano nitakaoutumia ni Mnara wa Eiffel wa mjini Paris, kwa kuwa hapana jengo la karne ya 19 lililovuta maneno mengi zaidi ya washairi na wanariwaya, na kwa kuwa maneno hayo yana tarehe zinazojulikana. Twaweza kuyafuata tangu mnara ulipokuwa mashimo ya msingi tu, mwaka 1887, hadi mwaka 1964, ulipokuwa umekwisha kuzoeleka kama mto unaopita karibu yake.

Hoja yangu ni kwamba jibu la mwandishi kwa jengo hutegemea mahali aliposimama alipolitazama: mbali nalo, juu yake, au chini yake pamoja na wale wanaolijenga. Hoja hii ikikubalika, kuna swali linalotuhusu sisi tunaosomesha fasihi ya Kiswahili, nalo nitaligusa mwishoni: je, sisi tumesimama wapi?

2. Waraka wa mwaka 1887

Serikali ya Ufaransa ilikuwa imeazimia kufanya maonyesho makubwa ya kimataifa mwaka 1889, ili kuadhimisha miaka 100 ya Mapinduzi ya 1789. Miongoni mwa mambo yaliyotakiwa ni mnara wa chuma wenye urefu wa mita 300. Wazo la mnara wa namna hiyo lilikuwa limechorwa tangu 1884 na wahandisi wawili wa kampuni ya Gustave Eiffel, Maurice Koechlin na Émile Nouguier, kisha msanifu majengo Stephen Sauvestre akaupamba mchoro wao. Mkataba ulitiwa sahihi mwezi Januari 1887, na kabla ya mwezi huo kwisha kazi ya kuchimba msingi ikaanza katika uwanja wa Champ de Mars.

Tarehe 14 Februari 1887, gazeti la Le Temps lilichapisha waraka wa malalamiko ulioelekezwa kwa Adolphe Alphand, mkurugenzi wa ujenzi wa maonyesho hayo. Waliotia sahihi walikuwa wachoraji, wachongaji, wasanifu majengo, wanamuziki na waandishi. Kwa upande wa waandishi walikuwamo Alexandre Dumas mwana, Guy de Maupassant, Leconte de Lisle, François Coppée, Sully Prudhomme na mwandishi wa tamthilia Victorien Sardou. Charles Gounod, mtunzi wa muziki, alikuwamo. Na Charles Garnier, aliyeijenga Opera ya Paris, alikuwamo pia.

Tukiusoma waraka huo kama kazi ya fasihi, twaona kwamba umejengwa juu ya mbinu tatu. Ya kwanza ni kulinganisha kwa kudhalilisha: mnara unafananishwa na bomba la moshi la kiwanda, jeusi na kubwa kupita kiasi. Ya pili ni orodha: majengo mashuhuri ya Paris yanatajwa moja baada ya jingine, kanisa la Notre-Dame, Sainte-Chapelle, kuba la Invalides, Arc de Triomphe, kana kwamba ni wazee wa ukoo walioitwa kushuhudia fedheha ya mjukuu. Ya tatu ni utabiri: wanaotia sahihi wanauona mnara kabla haujawako, na wanaona kivuli chake kikitanda juu ya mji kama doa la wino.

Mbinu hii ya tatu ndiyo yenye kutuhusu zaidi. Siku ile ya Februari hapakuwa na mnara wa kutazama. Palikuwa na michoro, mahesabu, na mashimo. Waandishi hao, kwa hakika, walikuwa wakilijibu jengo lililomo vichwani mwao. Hili halikuwa kosa la kipumbavu. Jengo likishasimama malalamiko huwa yamechelewa, na mtu anayengoja mpaka paa liezekwe ndipo aseme, amesema na ukuta. Lakini wenye kutabiri walitumia kipimo cha mawe kupima chuma. Walijua jinsi uzuri wa mawe unavyokuwa: uzito, kivuli, umri, mkono wa mchongaji. Kwa kipimo hicho chuma kilikuwa kimeshindwa kabla ya kufika mahakamani.

3. Majibu ya mhandisi na ya waziri

Eiffel aliwajibu kupitia gazeti lile lile, na jibu lake lina thamani kwa mwanafunzi wa fasihi kwa sababu ni nadharia ya uzuri iliyotolewa na mtu asiyedai kuwa msanii. Alisema kwamba haifai kudhani kuwa mhandisi anapotafuta uimara hatafuti uzuri. Mikondo ya miguu minne ya mnara, inayoanza kwa upana chini na kukutana kileleni, ilitokana na hesabu ya nguvu za upepo. Na alishikilia kwamba umbo linalotii sheria za nguvu hizo huwa na mapatano yake ya siri. Akakumbusha pia kwamba piramidi za Misri zimewastaajabisha watu kwa ukubwa wake, na hapana aliyezilaumu kwa hilo.

Hoja hiyo ni ya kweli, ila si kweli yote. Matao makubwa yanayounganisha miguu ya mnara chini ya ghorofa ya kwanza, ambayo mgeni huyaona kwanza anapokaribia, yalichorwa na Sauvestre kwa sehemu kubwa ili kuyaridhisha macho. Mnara ungesimama bila ya umbo lile. Kwa hiyo hata jengo lililotetewa kwa jina la hesabu lilikuwa limevaa kidani. Mhandisi na msanii walikuwa karibu zaidi kuliko kila mmoja alivyokiri.

Waziri wa Biashara, Édouard Lockroy, alijibu kwa kejeli. Aliusifu waraka kwa lugha yake nzuri, akamwomba Alphand auhifadhi vyema, kwani ungefaa kuwekwa katika maonyesho yenyewe ili watu wauone. Akaongeza kwamba uwanja uliokuwa ukitetewa kwa machozi mengi hivyo ulikuwa mraba wa mchanga tu. Kejeli hiyo yatufundisha jambo moja kuhusu uhusiano wa mwandishi na mamlaka: serikali haikuwa na haja ya kuuzuia waraka wala kuwaadhibu waandishi. Iliupokea kama pambo, na huo ni ushindi mbaya kuliko kuzuiwa.

Mnara ukajengwa kwa muda wa miaka 2, miezi 2 na siku 5. Vipande vya chuma 18,038 viliunganishwa kwa misumari ya kukaza ipatayo 2,500,000, na uzito wa chuma chote ukawa tani 7,300 hivi. Tarehe 31 Machi 1889 Eiffel alipanda ngazi hadi kileleni akapandisha bendera. Kuzunguka ghorofa ya kwanza yaliandikwa majina ya watu 72: wanasayansi, wahandisi na wanahisabati wa Kifaransa. Mshairi hayumo hata mmoja.

4. Waliogeuka na wasiogeuka

Jengo liliposimama, umoja wa wale waliotia sahihi ulivunjika, na kila mwandishi akabaki na macho yake mwenyewe. Hapa ndipo majibu yanapokuwa ya binafsi kweli kweli.

Sully Prudhomme, ambaye mwaka 1901 angekuwa mtu wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, aligeuka. Mwaka 1889, katika karamu ya wanasayansi iliyomheshimu Eiffel, alisimama na kukiri hadharani kwamba alikuwa amehukumu kabla ya kuona. Alikuwa mshairi aliyewahi kusomea mambo ya uhandisi katika ujana wake, na labda kwa sababu hiyo aliweza kuisoma lugha ya chuma alipoiona imeandikwa angani. Kugeuka kwake kunastahili heshima. Ni wachache kati yetu sisi wahakiki ambao wamewahi kusimama mbele ya watu wakasema: nilikosea, nilikuwa sijasoma.

François Coppée hakugeuka. Mnara ulipokuwa bado ukipanda, mwaka 1888, alifika mpaka jukwaa la pili na kutunga shairi la kuulaani. Yafaa tuone tofauti kati ya shairi hili na waraka wa mwaka uliotangulia: safari hii mshairi amepanda, ameuona mji kutoka juu, na chuki yake imepata mwili. Mwaka 1889 mshairi mwingine, Raoul Bonnery, alimjibu kwa shairi ambamo mnara wenyewe ndio unaosema, ukijitetea mbele ya Coppée. Msomaji aliyelelewa katika ushairi wa Kiswahili hatashangazwa na jambo hili. Hayo ni majibizano, nasi twayajua tangu enzi ya Muyaka wa Mombasa na mahasimu wake: mmoja atupa neno, mwingine alidaka na kulirudisha. Na kukipa kitu kisicho na uhai kinywa cha kujitetea ni hila ambayo malenga wetu wasingehitaji kufundishwa.

Guy de Maupassant naye alizidi kukasirika. Katika kitabu chake cha safari, La Vie errante, kilichotoka mwaka 1890, alianza kwa kueleza kwamba aliondoka Paris, na hata Ufaransa, kwa kuwa mnara ule ulimchosha: ulionekana kila mahali, na kila dirisha la duka lilikuwa na mfano wake uliotengenezwa kwa kila aina ya kitu. Tukisoma kwa makini twaona kwamba kinachomkera si chuma peke yake. Anakimbia umati, vumbi, jasho na kelele za watu waliokuja kustaajabu. Maonyesho ya 1889 yalipata wageni wapatao milioni 32, na takriban milioni 2 kati yao waliupanda mnara. Mwandishi wa tabaka lake aliuona mji wake ukichukuliwa na watu wengine, na mnara ukawa jina la hasira hiyo. Husimuliwa pia kwamba Maupassant alikuwa akila mara kwa mara katika mkahawa wa mnara kwa kuwa hapo tu ndipo asipouona. Iwe kweli au mzaha, hadithi hiyo imeishi kwa sababu ina hekima: njia pekee ya kutoliona jengo ni kuwa ndani yake.

Joris-Karl Huysmans ni mfano wenye utata zaidi. Miaka michache kabla yake alikuwa miongoni mwa wahakiki waliousifu usanifu wa chuma, akiona katika masoko na stesheni za reli za Paris sanaa ya kweli ya wakati wake. Lakini mwaka 1889, katika kitabu chake Certains, aliushambulia mnara wa Eiffel kwa maneno makali kuliko ya mtu yeyote. Je, alijigeuka? Sidhani. Stesheni ina kazi, na soko lina kazi. Paa la chuma pale ni jibu la swali la watu wanaotaka kusafiri na kununua. Mnara haukuwa na kazi. Kwa Huysmans ulikuwa chuma kinachojisifu chenyewe. Huo ni uhakiki wenye msingi, na haufai kuwekwa katika fungu moja na vilio vya wale waliochukia chuma kwa kuwa si jiwe.

Edmond de Goncourt, kwa upande wake, aliandika katika shajara yake kwamba majengo ya chuma hayakuonekana kwake kuwa ya kibinadamu, kwa kuwa binadamu wa kale alijijengea makao kwa miti na mawe tu. Charles Garnier, yule aliyetia sahihi waraka, alijenga katika maonyesho yale yale, karibu na miguu ya mnara, safu ya nyumba za mfano kuonyesha historia ya makao ya binadamu. Na mahali pengine katika maonyesho hayo, kwenye uwanja wa Invalides, watu wa Senegal, Gabon na Kaledonia Mpya walikuwa wamewekwa katika vijiji vya bandia ili watazamwe na wapita njia. Katika maandishi niliyoyachambua hapa, hasira kwa ajili ya anga la Paris ni nyingi mno kuliko hasira kwa ajili ya watu hao. Msomaji wa Kiafrika hawezi kulipita jambo hili kimya. Jicho la mwandishi, hata likiwa kali namna gani, huona kile kilichozoea kuhesabiwa kuwa chake.

5. Kizazi kilichouzaliwa mnara

Mnara ulikuwa umepewa kibali cha miaka 20 tu. Uliokolewa na simu ya upepo: tangu mwanzoni mwa karne ya 20 mwanajeshi Gustave Ferrié aliutumia kwa majaribio ya mawasiliano yasiyo na waya, na jeshi likaona kwamba mlingoti mrefu kama huo hauna badala. Kibali kikaongezwa kuanzia mwaka 1910. Basi jengo lililolaumiwa kwa kutokuwa na kazi likapata kazi, na kazi yenyewe ikawa ya kubeba maneno.

Washairi waliokua wakiuona mnara tangu utotoni, au waliohamia Paris wakaukuta umesimama, hawakuona la kupigania. Guillaume Apollinaire, katika shairi lililofungua diwani yake ya 1913, aliugeuza mnara kuwa mchungaji wa kike na madaraja ya mto kuwa kundi lake. Baadaye akalipanga shairi jingine kwa umbo la mnara wenyewe juu ya karatasi. Blaise Cendrars aliuimba mwaka 1913. Vicente Huidobro, mshairi wa Chile, aliuandikia shairi lililochapishwa Madrid mwaka 1918, na Jean Cocteau akaufanya mahali pa mchezo wake wa kuigiza wa 1921. Yafaa kuona kwamba Apollinaire alizaliwa Roma, Cendrars Uswisi na Huidobro Santiago. Mnara ambao wenyeji wa mji waliuona kuwa aibu mbele ya wageni, wageni ndio walioupa nafasi katika ushairi. Hawakuwa na orodha ya wazee wa ukoo wa kuulinganisha nao.

Mwaka 1964 Roland Barthes aliandika insha juu ya mnara huo, naye aliianza kwa ile hadithi ya Maupassant mkahawani. Kwa Barthes swali la uzuri lilikuwa limekwisha kufa. Alichouliza ni maana: mnara ni kitu kinachotazamwa na mji wote, na papo hapo ni mahali pa kuutazama mji wote, na kwa kuwa hauna yaliyomo, kila mtu huweza kuujaza atakayo. Hivyo, kwa muda wa miaka 77, jengo lile lile lilipita katika ngazi tatu: kutoka hukumu hadi sitiari, na kutoka sitiari hadi ishara. Chuma hakikubadilika, ila mahali pa kusimama palibadilika.

6. Swali linalotuhusu

Miaka 4 kabla ya maonyesho ya Paris kufikiwa na waraka ule, yaani mwaka 1883, Sultani Barghash bin Said alikuwa amejenga jumba lake la sherehe katika ufuo wa Unguja. Lilikuwa refu kupita jengo lolote la karibu, na baraza zake zilibebwa na nguzo za chuma cha kusubu. Watu waliliita Beit al-Ajaib, nyumba ya maajabu, na jina hilo ndilo jibu lao la kifasihi. Ni jibu fupi, lakini limedumu kuliko insha nyingi. Lilidumu baada ya mabomu ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, yaliyoliharibu jumba jirani, na limedumu hata baada ya sehemu ya jengo hilo kuporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili.

Fasihi yetu andishi ya kale ilikuwa na mahali pake maalumu pa kusimama mbele ya jengo, nako ni baadaye. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir inayatazama majumba ya Pate yakiwa yamekwisha kuwa magofu, na fahari ya wenyewe imegeuka makao ya ndege na wadudu. Huo ni mtazamo wenye kina ambao waandishi wa waraka wa 1887 hawakuwa nao: wao waliona kivuli cha jengo, Sayyid Abdalla aliona kivuli cha mwenye jengo. Ila mtazamo huo una gharama yake. Jengo haliingii katika shairi mpaka lianguke. Siku ya boriti za kwanza kupandishwa, mshairi hayupo.

Waliokuwapo ni wengine. Katika majumba ya mawe ya pwani, sakafu za juu zilikazwa kwa kupondwa kwa miti muda mrefu, na wapondaji waliimba kwa mapigo ya kazi. Nyimbo za namna hiyo ni fasihi ya majengo iliyo hai kuliko zote, kwani yeye aimbaye ndiye anayelijenga. Twaziweka katika fungu la nyimbo za kazi, tukasahau kuuliza waimbaji walisema nini juu ya nyumba ambayo wasingelala ndani yake.

Tukija Nairobi, mwaka 1973 Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta lilikamilika, kazi ya Karl Henrik Nøstvik kutoka Norwe na David Mutiso wetu. Mnara wake na ukumbi wenye umbo la pia uliopo ubavuni mwake vilibadilisha sura ya mji kwa namna ambayo mkazi wa Paris wa 1889 angeielewa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1976, Meja Mwangi alitoa riwaya yake Going Down River Road, ambayo wahusika wake, Ben na Ocholla, ni vibarua wa ujenzi wa jumba refu la kubuniwa liitwalo Development House. Hapa mwandishi hakusimama mbali kama Maupassant, wala juu kama Coppée. Alisimama chini, kwenye vumbi la saruji, pamoja na watu ambao kila ghorofa inayoongezeka huwakaribisha na siku ya kukosa kazi. Nadhani hili ndilo jibu la kweli kuliko yote niliyoyataja, kwa sababu linauliza jambo ambalo waraka wa 1887 haukuliuliza: jengo hili limeinuliwa kwa mikono ya nani, nao watakwenda wapi likiisha?

Hata hivyo riwaya hiyo iliandikwa kwa Kiingereza. Vibarua wenyewe, kama wangekuwa watu wa kweli, wangesemezana kwa Kiswahili cha Nairobi kutwa nzima. Niliwahi kuwataka wanafunzi wangu waeleze kwa Kiswahili jengo refu walipitalo kila siku. Wengi walinipa hesabu ya ghorofa. Wawili au watatu walisema linang'aa. Wanafunzi hao si wajinga. Lugha wanayoijua ina maneno ya nyumba ya mawe ya Lamu kwa utaratibu mzuri ajabu, kutoka daka hadi kiwanda, kutoka msana hadi ndani, hadi vidaka vya ukutani, na kila neno hueleza jinsi mgeni anavyoruhusiwa kusogea. Kwa jumba la vioo na saruji lugha hiyo hiyo imepewa namba. Msamiati wa mafundi upo, wenye maneno yao ya kumimina, kusuka vyuma na kupiga lipu, lakini haujapewa ruhusa ya kuingia katika insha na shairi.

7. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba majibu ya waandishi kwa Mnara wa Eiffel si hadithi ya watu wenye macho mabovu walioshindwa na wakati, kama inavyosimuliwa mara nyingi kwa kucheka. Waraka wa 1887 ulikosea juu ya mnara, lakini haukukosea juu ya haki ya mwandishi kusema kabla mji wake haujabadilishwa. Sully Prudhomme alituachia mfano wa kukiri, Huysmans mfano wa kuuliza kazi ya jengo, Apollinaire mfano wa kulipa jina jipya. Hao wote walisema wakati jengo likiwa jipya, na kwa sababu walisema, leo twaweza kuwapima.

Mhakiki wa kesho atakayetaka kujua jinsi watu wa Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam walivyoyaona majumba ya siku zetu atatafuta katika Kiswahili, na itampasa akute kitu zaidi ya idadi ya ghorofa. Kazi hiyo ni ya washairi na wanariwaya, lakini yaanzia madarasani mwetu. Tuwatume wanafunzi kwa mafundi na vibarua wakakusanye maneno yao kabla saruji haijakauka. Gofu tumekwisha kujifunza kulililia vizuri; tujifunze sasa kulitazama jengo likiwa limesimama, na kuwauliza waliolisimamisha majina yao.